Hereni na bangili za kuchangia: jinsi ya kutengeneza, kupanga bei na kuuza bila kuuza huruma

Watu wengi huanza na shanga. Wanaona video, wanakwenda Kariakoo, wanarudi na pakiti za kila rangi, na wiki mbili baadaye ndipo wanaanza kuulizana fedha zitakwenda kwa nani. Hapo bidhaa imeshatengenezwa, bei imeshatajwa kwa majirani, na hakuna anayejua katika ile elfu tano ya mteja ni shilingi ngapi zinazomfikia aliyekusudiwa.

Mteja atanunua mara ya kwanza kwa sababu ya yatima, mgonjwa au mwanafunzi uliyemtaja. Mara ya pili atanunua kwa sababu hereni zilimpendeza na hazikukatika. Ukitegemea ile mara ya kwanza peke yake, soko lako litaishia kwa ndugu, wafanyakazi wenzako na watu wa jumuiya. Kwa hiyo mwongozo huu una mambo mawili yanayokwenda pamoja: kazi nzuri ya mikono, na mchango unaojulikana kiasi chake kabla hujakata kitambaa.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme mko akina mama kumi Dar es Salaam, mnataka kuwapatia taulo za kike wasichana wa sekondari moja ya kata. Tarakimu zote za bei ni za mfano. Weka za kwako ukishapita madukani.

Nenda kwanza kwa anayesaidiwa

Mtafute mkuu wa shule, umweleze nia yenu, umwombe akukutanishe na matroni au mwalimu wa malezi. Usiende na jibu mfukoni. Uliza wasichana wangapi hukosa vipindi, wanatumia nini sasa, maji yapo, choo kina mlango unaofungwa kwa ndani. Inawezekana kabisa shule ikawa na taulo kabatini na bado wasichana wakarudi nyumbani saa nne kwa sababu choo hakina komeo wala ndoo ya maji. Hapo mchango wenu wa kwanza ni komeo na ndoo, ambavyo ni nafuu kuliko mlivyodhani. Taulo za kufua nazo zina masharti yake: zinataka sabuni, maji na mahali pa kuzianika juani bila aibu. Bwenini kusikokuwa na kamba ya faragha, zitakaushwa chini ya godoro, na hilo ni ugonjwa mnaupeleka wenyewe.

Mkikubaliana, andikeni barua fupi: mnachangia nini, kwa wangapi, mtakabidhi lini, nani atapokea. Shule igonge muhuri. Barua hiyo ndiyo itakayokukinga siku mtu akikuuliza mezani, "Mmetumwa na nani?"

Sasa weka lengo. Wasichana 60, kila mmoja pakiti ya taulo za kufua ya sh 10,000, jumla sh 600,000. Ikiwa kila jozi ya hereni inachangia sh 2,000, mnatakiwa kuuza jozi 300. Mko kumi, kwa hiyo kila mmoja ana jozi 30. Kaa na hesabu hiyo kabla ya kufurahi. Kila mama anawajua watu thelathini wanaovaa hereni, lakini si wote watakaonunua. Hesabu ikigoma, punguza idadi ya wasichana au gawa kazi kwa mihula miwili. Usipandishe bei ili lengo litimie, maana bei inaamuliwa na hereni yenyewe.

Amueni mnamsaidia nani: mtengenezaji au mtu mwingine?

Hapa vikundi vingi hugombana. Kuna kazi za mikono ambazo msaada wake ni ajira yenyewe. Kazuri, kule Karen, Nairobi, ilianza mwaka 1975 kwa kuwapa kazi ya shanga za udongo wanawake wanaolea watoto peke yao. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na Shanga ya Arusha, inayoyeyusha chupa kuwa shanga za kioo, zimejengwa juu ya ajira kwa watu wenye ulemavu. Anayenunua mkufu pale anamlipa aliyeutengeneza, na msaada umeishia hapo.

Aina ya pili ni ile ya mfano wetu, ambapo mtengenezaji anafanya kazi na fedha zinakwenda kwa mtu mwingine. Katika aina hii lipeni ufundi hata kama ni kidogo. Kujitolea kunanoga wiki ya kwanza. Wiki ya tano, yule mwenye mkono mwepesi anayetengeneza nusu ya mzigo ataanza kuchelewa, na hamtakuwa na la kumwambia. Asiyetaka malipo aandikwe kwamba ameyarudisha kama mchango wake, ili hesabu ibaki na ukweli.

Bidhaa mbili zinatosha

Hereni za kitenge na bangili za shanga. Mkiongeza cheni, vikuku vya mguuni, pete, vibanio na mikanda, mtaji wote utalala kwenye vifaa vilivyobaki nusu pakiti.

Kitenge kizuri kwa hereni hakinunuliwi dukani. Kipo chini ya cherehani. Zungukeni kwa mafundi watatu au wanne wa mtaani, waachieni mfuko, pitieni kila Ijumaa. Fundi atakupa bure au kwa hela ya soda, maana kwake ni takataka. Chagua vipande vyenye mchoro mdogo; ua kubwa la kitenge likikatwa duara la sentimita nne hubaki doa tu lisilosema kitu.

Kitenge kipya kifue kwanza, kianike, kipige pasi. Kina wanga na nta inayozuia gundi kushika, na ukiruka hatua hii kitambaa kitaanza kubanduka pembeni mteja akishatoka jasho mara mbili. Kata maduara kwenye kadi ngumu isiyokunjika, si boksi la sabuni lenye mawimbi ndani. Paka gundi nyeupe ya seremala, nyembamba, sawasawa hadi ukingoni, weka kitambaa, kandamiza chini ya vitabu vizito usiku kucha. Geuza, fanya upande wa pili. Hereni inageuka sikioni na watu huona nyuma, kwa hiyo nyuma ya karatasi tupu ni uvivu unaoonekana. Ikikauka punguza kingo kwa mkasi mkali, paka vanishi ya maji mikono miwili, na kati ya mkono mmoja na mwingine acha ikauke kabisa.

Tundu litobolewe milimita tatu kutoka ukingoni. Karibu zaidi, litachanika. Kisha kuna kile kipete kidogo cha waya kinachounganisha duara na ndoano inayoingia sikioni, na hapa ndipo kazi ya mwanafunzi inapojulikana. Kipete hakifunguliwi kwa kupanuliwa ncha zake kushoto na kulia; ukikipanua hivyo hakirudi tena kuwa duara, kinabaki na mwanya, na hereni inadondoka kwenye daladala. Kishike kwa plaizi mbili ndogo, ncha moja isukume mbele na nyingine ivute nyuma, kama unasokota. Pitisha, kisha rudisha njia ileile hadi usikie ncha zinagusana. Pitisha ukucha juu ya maungio. Ukucha ukikwama, bado hakijafunga.

Ndoano msibane fedha. Za bei ya chini mara nyingi zina nikeli, na nikeli ndiyo inayofanya masikio ya watu wengi yawashe na kutoa majimaji. Tafuta za chuma kisichoshika kutu, uwe tayari kulipa zaidi, uandike hivyo kwenye kadi ya kuning'inizia hereni. Wenye masikio ya kuchagua wanajuana, na watatumana kwako.

Bangili ni kazi ya haraka zaidi. Jaribu shanga kabla ya kununua nyingi: lowesha pamba kwa spiriti, sugua. Pamba ikibeba rangi, shanga hizo zitapaka nguo nyeupe ya mtu. Lastiki ivute mara kadhaa kabla ya kutunga. Isipovutwa mapema italegea mkononi baada ya siku chache na uzi utaonekana kati ya shanga. Funga fundo la kupitisha mara mbili, tia tone la gundi, acha likauke, kisha livute liingie ndani ya shanga yenye tundu pana. Mkono wa mwanamke mtu mzima huchukua takriban sentimita 17 hadi 18. Tengeneza chache za 20 pia. Wenye mikono minene wamechoka kuambiwa "zimeisha".

Bei: mchango hautokani na kinachobaki

Kosa linaloua miradi hii ni kusema, "Tutatoa faida yote." Faida ni neno la mwisho wa mwezi; kabla haujafika, imeshaliwa na nauli, soda, vocha na kitambaa cha mzigo unaofuata. Mchango uwe kiasi maalum kwa kila kipande, unatolewa siku ileile kilipouzwa.

Kwa jozi moja ya hereni, mfano: kitambaa, kadi na gundi 300, ndoano na vipete 400, kadi ya kuning'inizia na mfuko wa karatasi 200. Hiyo ni 900. Ufundi 800. Usafiri, meza na makato ya simu 300. Gharama ni sh 2,000. Weka mchango 2,000 juu yake, na 1,000 ya akiba kwa ajili ya punguzo, zilizoharibika na zitakazobaki. Bei ni sh 5,000.

Sasa zivae hizo hereni, nenda sokoni, ukae karibu na muuza urembo wa kawaida. Za kwake elfu tatu? Basi za kwako lazima zionekane za elfu tano ukiwa umefumba mdomo kuhusu wasichana wa shule. Zisipoonekana hivyo, rudi kwenye vanishi na kingo, hotuba haitakusaidia.

Dar watu watapatana, na ni haki yao. Mteja akisema, "Dada, punguza basi," jibu liwe tayari: "Chukua mbili, dada yangu, nakupa elfu tisa." Piga hesabu: gharama 4,000, mchango 4,000, akiba 1,000. Punguzo limetoka kwenye akiba, shule haijapoteza hata senti. Kila muuzaji wenu ajue mpaka huo kwa kichwa. Na asiwepo anayesema, "Ongeza kidogo, mama, ni kwa ajili ya watoto." Aliyetaka kuongeza ataongeza mwenyewe, na hiyo iandikwe kama mchango wa moja kwa moja.

Soko lililo karibu kuliko bazaa

Wengi hukimbilia kukodi meza kwenye maonesho. Sabasaba ni kubwa mno kwa kikundi cha jozi 300, na bazaa za Krismasi za parokia na shule huja mara moja kwa mwaka. Ipo Machi 8, Siku ya Wanawake, ambapo ofisi nyingi huvaa kitenge cha sare, na hiyo ikupe wazo lenyewe: uza palipo na sare.

Harusi moja ya mjini ina kitchen party, ina send-off, ina kamati, na kila shughuli ina rangi au kitenge chake. Wanawake arobaini wanapeleka kitambaa kilekile kwa mafundi. Kila mmoja atahitaji hereni, na kuipata hereni inayokwenda na kitenge kile ni kazi ya kuzunguka maduka siku nzima. Ninyi mna kitambaa chenyewe, kimebaki kwa fundi. Mtafuteni mwenyekiti wa kamati wiki tatu kabla, mpelekeeni jozi mbili za mfano, moja kubwa, moja ndogo kwa wasiopenda makelele sikioni. Mwambieni bei, mchango ni kiasi gani na unakwenda wapi, kwa sentensi moja. Chukueni nusu ya fedha mbele. Bila malipo ya awali msikate hata kipande kimoja, kwa sababu hereni za kitenge cha send-off ya mtu haziuziki kwa mwingine.

Oda moja ya namna hiyo inaweza kuwa jozi arobaini kwa mpigo, bila meza, bila jua. Na waalikwa watano wa pale wana shughuli zao mwezi ujao.

Uganda walilijua hili kwa njia yao. BeadforLife, iliyoanza mwaka 2004 na shanga za karatasi zilizoviringishwa na wanawake wa Kampala, iliuza sehemu kubwa ya mikufu yake Marekani katika mikusanyiko ya sebuleni: mwenyeji mmoja anaalika rafiki zake, mikufu inatandazwa mezani, watu wanajaribu huku wakiongea. Kwenu ni kikao cha kikoba au jumuiya, baada ya hesabu kufungwa.

Popote mtakapouza, nendeni na kioo. Kikubwa, kisimame, kiwe usawa wa uso. Mtu akijiona na hereni pembeni ya shavu ameshaanza kununua. Asiitie sikioni kabla ya kulipa. Aishike tu kando ya sikio. Bei ziandikwe na zionekane, maana wapo wanaoona haya kuuliza, nao huondoka kimyakimya.

Dukani mnaweza kuweka mzigo kwa mali kauli, yaani mwenye duka anawalipa akishauza. Hesabuni mbele ya mwenye duka, mwandikishiane idadi na bei, wote mtie saini, na mpite kila baada ya wiki mbili. Sehemu ya mwenye duka itoke kwenye akiba na gharama za meza. Ikizidi hapo, duka hilo si lenu.

Kadi na mfuko

Kadi ya kuning'inizia hereni isiseme "sehemu ya mapato itasaidia wahitaji". Kila mtu ameshaisoma na hakuna anayeiamini. Andika: "Sh 2,000 ya bei hii inanunua taulo za kike kwa wasichana wa sekondari. Jozi tano, msichana mmoja." Mteja mwenye akili ya biashara atafanya hesabu papo hapo na atakuheshimu.

Msiweke picha ya msichana yeyote, hata akiwa anatabasamu, hata mzazi akikubali. Hedhi yake haitangazwi sokoni.

Mifuko iwe ya karatasi au ya vipande vya kitenge. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Pia msitumie pembe za ndovu wala gamba la kasa, hata kama mzee fulani anavyo tangu zamani. Ni kosa la jinai, na mgeni atakayevibeba atanyang'anywa uwanja wa ndege. Makombe ya baharini nayo yaacheni, hasa mkiuza kwa watalii. Ndugu wa Ulaya akiwaagiza mzigo, kumbukeni zile ndoano: huko kiwango cha nikeli kwenye hereni kimewekewa mipaka kisheria.

Daftari, simu na vibali

Laini ya simu ya mhazini si akaunti ya kikundi. Hata akiwa mwaminifu kama nini, siku ada ya mwanawe itakapodaiwa saa mbili asubuhi fedha zitachanganyika, na atakosa usingizi kuzirudisha. Chukueni lipa namba ya kikundi, na mchango muutenge kila jioni kwenye akaunti ambayo mtu mmoja hawezi kutoa peke yake: akaunti ya benki ya kikundi yenye saini tatu, au huduma ya simu ya vikundi kama M-Koba, ambayo utoaji hupita kwa viongozi.

Daftari liwe na tarehe, bidhaa, idadi, fedha taslimu, fedha za simu, mchango uliotengwa, na saini mbili. Basi. Mkiweka safu kumi na tano hakuna atakayejaza.

Tanzania, kikundi huandikishwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hamhitaji kuanzisha shirika lisilo la kiserikali ili kuuza hereni za muhula mmoja. Mzigo wa ripoti za shirika ni mkubwa kuliko mradi wenyewe. Njia nyepesi ni kufanya kazi chini ya mwavuli wa taasisi iliyopo, kama parokia, msikiti au shule yenyewe, kwa barua. Kenya, vikundi huandikishwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, na ukusanyaji wa michango hadharani una sheria na kibali chake, hivyo uliza kabla ya kuweka meza barabarani. Mkianza kuuza mwaka mzima kama duka, ninyi ni wafanyabiashara na mamlaka ya kodi, TRA au KRA, itawahusu kama wengine.

Kukabidhi, na mzigo uliobaki

Nunueni taulo kwa jumla, mchukue risiti, mpeleke siku mliyoandika kwenye barua hata kama hamkufika 600,000. Mmepata 430,000? Wasichana 43 wapate sasa, na shule iamue ni akina nani waanze, ninyi msichague. Matroni asaini idadi aliyopokea.

Jioni hiyohiyo wapeni taarifa walionunua, kwenye yale makundi ya WhatsApp mlikouzia: jozi zilizouzwa, mchango, picha ya risiti, picha ya maboksi. Mistari minne. Wengi hawajawahi kurudishiwa taarifa ya fedha waliyochanga, na oda inayofuata itatoka kwenye ujumbe huo.

Jozi zilizobaki zikagueni. Zenye kingo zilizobanduka ng'oeni ndoano na vipete mvitumie tena, kadi mtupe. Zilizo nzima lakini zimekataliwa na kila mtu, angalieni mchoro na ukubwa wake, muandike nyuma ya daftari msizirudie. Kisha ziuzeni kwa 3,000 mwisho wa mwezi: gharama inarudi, na ile 1,000 iliyozidi iingizwe safu ya mchango.